Fundi, Skrubu Moja Imebaki

Safu hii nimeiandika miaka mingi, na barua za saa, cherehani na baiskeli ndizo zinazonijaa mezani. Mwezi huu, sijui kumetokea nini, zimekuja nne za bastola za baruti nyeusi, zile za kushindilia baruti kwa mdeki, yaani fimbo yake ya kushindilia, na kuvalisha fataki, vile vikofia vidogo vya shaba vinavyoiwasha. Ni bastola, lakini kwa moyo ni gobore: zinadai usafi, zinadai subira, na ukizifungua kwa pupa zinakuadhiri. Nimezijibu zote. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu makosa yake yote niliwahi kuyafanya mimi.

Shikamoo Fundi. Nina nakala ya Colt ya 1851, bastola ya silinda ya Kimarekani, niliyoachiwa na mjomba, na kibali chake ninacho. Baada ya kwenda nayo uwanja wa shabaha niliifungua yote ili niioshe, kisha nikairudisha mwenyewe. Sasa nina matatizo matatu. Nikivuta nyundo, inashika, na silinda inazunguka lakini haikamatwi, inapita mahali pake na kuchezacheza. Nikifunga mtutu na kugonga kabari, silinda inakuwa nzito hata haizunguki. Na mezani imebaki skrubu moja, fupi, ya kichwa kipana. Nimeifungua na kuifunga mara tatu, kila mara inabaki ile ile. Nimekosea wapi?
— Mwenye Skrubu Moja

Marahaba, kijana wangu. Kwanza nikupe moyo: umenieleza ugonjwa vizuri kuliko wagonjwa wengi, na magonjwa yako yote matatu yanatibika bila kununua kitu, labda springi moja.

Nianze na skrubu, maana najua inakunyima usingizi. Fupi, kichwa kipana, na inabaki hata ukifunga kila kitu: hiyo ni ya kabari. Geuza mtutu, utazame ubavu wake wa kushoto, juu kidogo ya tundu inapoingilia kabari. Utaona kitundu chenye hesi. Ndiyo nyumba yake. Kazi yake si kubana chochote. Kichwa chake kinaizuia kabari isichomoke kabisa na kupotea unapoivuta, ndiyo maana bastola yako "imefungika" bila yake na hukuona tofauti. Siku nyingine usiifungue. Kuosha bastola hii hakuhitaji kuigusa skrubu hiyo hata kidogo. Kabari inavutwa mpaka inapokwama kwenye kichwa chake, mtutu unatoka, mwisho.

Sasa kabari yenyewe. Bastola za Colt za wakati ule hazina fremu inayopita juu ya silinda. Mtutu unashikwa na vitu viwili tu: ule mhimili mnene uliosimama katikati ya fremu, ambao silinda inauzunguka, na kabari inayopita ndani ya mtutu na ndani ya mhimili kwa wakati mmoja. Chini yake kuna vijiti viwili vidogo kwenye fremu vinavyoingia kwenye matundu ya mtutu ili usipinde. Kwa hiyo kila ukigonga kabari, unauvuta mtutu nyuma kuelekea silinda. Ukigonga sana, uso wa mtutu unaibusu silinda, na silinda haiwezi kuzunguka. Hicho ndicho kilichokupata.

Kabari inaingia kutoka kushoto. Isukume kwa kidole gumba, kisha igonge taratibu kwa kipande cha mti au nyundo ya plastiki, mpaka ule ulimi mdogo wa springi uliomo ndani yake utokeze kulia na kunasa kwenye ukingo wa mtutu. Hapo acha. Usiongeze hata kigongo kimoja cha "kuhakikisha". Kati ya silinda na mtutu panatakiwa pabaki mwanya mwembamba, tuseme milimita 0.1 hadi 0.2. Mimi napima kwa karatasi ya kawaida ya kuandikia: ikipita huku inakwaruza kidogo, nimeridhika. Kwenye baadhi ya nakala mhimili ni mfupi kidogo, haufiki mwisho wa shimo lake ndani ya mtutu, na hapo ndipo kabari inapokuwa na mamlaka makubwa kupita kiasi. Kila ukibadilisha kina chake, mwanya unabadilika. Dawa yake ya kudumu ni kazi ya fundi wa silaha. Dawa yake ya leo ni kupiga alama ya kalamu kwenye kabari pale inapokaa vizuri, na kila ukiirudisha unaifikisha kwenye alama.

Tumebakiwa na lile kubwa, silinda isiyokamatwa. Hapa vuta kiti.

Ndani ya fremu kuna vitu vitatu vinavyoongea wao kwa wao kila unapovuta nyundo. Kuna kidole, kile kipande chembamba kilichopachikwa ubavuni mwa nyundo, kinachopanda na kuyasukuma meno ya nyuma ya silinda. Kuna komeo, linalochungulia kwenye kidirisha chini ya silinda na kuingia kwenye matundu yake ili kuisimamisha. Na kuna kifyatuo, ambacho ncha yake inanasa kwenye mapengo ya nyundo: pengo la kwanza ni kituo cha nusu, la pili ni kituo kamili. Komeo na kifyatuo vinasukumwa na springi moja bapa yenye miguu miwili, iliyofungwa kwa skrubu yake moja upande wa chini wa fremu. Mguu mmoja ni wa komeo, mwingine wa kifyatuo.

Silinda yako inazunguka, maana yake kidole ni kizima. Nyundo inashika, maana yake mguu wa kifyatuo uko kazini. Silinda haikamatwi, basi komeo halipandi. Nakuapia ni moja kati ya mawili: mguu wa springi umeteleza pembeni ya komeo ulipokuwa unakaza skrubu, au umekatika.

Mimi wa kwangu ulikatika. Nilikuwa nimekaza ile skrubu ya chini huku mguu wa springi umepanda ukingo wa komeo badala ya kukaa juu yake. Nilisikia ugumu mkononi. Badala ya kurudi nyuma nikasema moyoni, "itaingia tu." Ikalia tiki, sauti ndogo kama ya kuvunja njiti ya kiberiti, na mguu mmoja ukabaki kwenye kiganja changu. Tangu siku hiyo kila skrubu ya bastola naianza kwa vidole vitupu, na bisibisi inaingia mwishoni kabisa. Skrubu isiyokubali mizunguko miwili mitatu ya vidole kuna kitu inakuambia.

Kwa hiyo fungua tena, lakini safari hii usirudishe vyote kwa mkupuo. Rudisha kimoja, kijaribu, ndipo uende kingine.

Hakikisha kwanza hakuna fataki kwenye vifa, vile vichuchu vya nyuma ya silinda vinavyovalishwa fataki, na hakuna baruti kwenye vyumba vya silinda. Najua umetoka kuiosha. Angalia tena.

Pachika kidole kwenye nyundo. Kijiti chake kinaingia kwenye tundu la nyundo bila skrubu. Kidole kina springi yake nyembamba kama jani la nyasi, nayo lazima ibonyee unapokiingiza kwenye mfereji wake ndani ya fremu. Ibonyeze kwa ncha ya kijiti cha meno huku nyundo ikishuka. Kikikataa, kitoe, usikisukume na nyundo. Ikishakaa, funga skrubu ya nyundo, ile nene kuliko mbili nyingine. Chezesha nyundo mbele na nyuma kwa kidole gumba. Iende kwa uzito wake, bila kusita. Ikisita, kuna uchafu au kidole kimepinda kwenye mfereji.

Halafu komeo. Mkia wake una miguu miwili inayonyumbuka kidogo, na mmoja kati ya hiyo ndio wenye kazi: unapanda kwenye kinundu kilicho ubavuni mwa nyundo. Nyundo ikianza kurudi nyuma, kinundu kinauinua mguu, na upande wa pili komeo linazama chini ya kidirisha, silinda inakuwa huru. Nyundo ikiendelea, mguu unateleza kutoka kwenye kinundu na komeo linaruka juu tena. Nyundo ikianguka, mguu unapanuka pembeni kuipisha. Ukitazama hapo kwa taa utaelewa kila kitu. Ukiukosesha mguu huo kinundu chake, komeo halitazama kamwe na nyundo haitavutika, maana silinda imefungwa na kidole kinaisukuma.

Funga skrubu ya komeo, kisha weka kifyatuo na skrubu yake. Hizi mbili zinafanana kama pacha, ila kwenye bastola nyingi hazilingani urefu. Uso wa skrubu unatakiwa ulingane na fremu pande zote mbili. Ikitokeza upande mmoja, zibadilishane.

Ndipo ije springi ya miguu miwili. Geuza fremu tumbo juu. Weka springi, anza skrubu yake kwa vidole, na kabla hujakaza tazama kwa jicho kila mguu umekaa juu ya nani. Sogeza kwa kijiti, siyo kwa bisibisi, maana bisibisi hukwaruza na ukwaruzo kwenye springi bapa ndio mwanzo wa ufa. Kaza nusu, tazama tena, kaza yote.

Sasa jaribio ambalo hukulifanya. Bado hujaweka kinga ya kifyatuo, kitako wala springi kuu. Bonyeza komeo kwa kidole gumba kupitia kidirishani: lizame na kuruka lenyewe. Likibaki chini kama mtoto aliyesusa, rudi kwenye springi. Kisha vuta nyundo polepole kwa mkono. Komeo lizame karibu mara tu nyundo inapoanza kutembea. Kwenye kituo cha nusu liwe bado limezama, kwa sababu hapo ndipo silinda inatakiwa kuzunguka bila kizuizi wakati wa kushindilia. Ukiendelea, liruke juu kabla kidogo ya kituo kamili. Mimi nafumba macho na kusikiliza: tiki ya nusu, tiki ya komeo, na tiki ya mwisho inayoifuata komeo karibu kwa pamoja. Rudisha nyundo kwa kuishika na kidole gumba huku umebana kifyatuo, usiiachie ijigonge.

Njia nyingine ya kulijua komeo ni kuitazama silinda. Kwenye hiyo ya 1851 kumechorwa vita vya baharini vya tarehe 16 Mei 1843, kati ya merikebu za Texas na za Mexico. Watu waliibatiza jina la Navy, yaani jeshi la majini. Nyuma kidogo ya merikebu hizo kuna yale matundu sita ya komeo. Ukiona mstari wa mkwaruzo umeizunguka silinda nzima kutoka tundu hadi tundu, komeo lako linapanda mapema mno na kuburuza njia nzima. Alama fupi inayoingia kwenye kila tundu ni ya kawaida.

Yakishakuwa sawa hayo, yaliyobaki ni kazi ya nguo na vifungo. Kinga ya kifyatuo ina skrubu tatu. Ukishaishikiza kwa vidole tu, springi kuu inafungwa kwa skrubu yake kwenye mkanda wa mbele wa kitako. Usipigane nayo. Anza skrubu yake mizunguko michache tu, springi ikiwa imelala pembeni, kisha izungushe mpaka ncha yake iingie chini ya kigurudumu kidogo cha nyundo, ndipo ukaze. Kitako cha mbao kinateleza kutoka nyuma pamoja na mgongo wake wa chuma, na hapo kuna skrubu tatu tena: mbili huku na huku nyuma ya nyundo, moja chini kabisa. Zianze zote sita kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Ukikaza moja kwanza, ya mwisho haitaona tundu lake, na utaanza kuilaumu bastola.

Na skrubu hizo sita pia si ndugu wa baba mmoja, urefu wake hutofautiana. Nina kipande cha boksi ambacho nimechora umbo la bastola kwa kalamu, na kila skrubu ninayoitoa naichomeka pale pale ilipotoka. Boksi hilo limechakaa, lina madoa ya mafuta na matundu mengine yamepanuka. Silitupi.

Neno kuhusu bisibisi. Bisibisi bapa za kawaida zimechongwa ncha kama kabari, kwa hiyo hushika mdomo tu wa mfuo, ule mfereji wa kichwa cha skrubu, kisha huruka na kuula. Tafuta yenye ncha ya pande zilizonyooka inayojaza mfuo wote, urefu na upana. Bastola yenye vichwa vya skrubu vilivyotafunwa inasema mengi kuhusu mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Mwisho silinda irudi kwenye mhimili, nyundo ikiwa kituo cha nusu. Paka mhimili mafuta mazito au mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya mgando. Ile mifereji iliyochongwa kwenye mhimili ndiyo kazi yake, kuyabeba. Kisha mtutu, kisha kabari mpaka kwenye alama. Na wakati wa kujaribu usifyatue bila fataki ukidhani unaizoesha. Nyundo ikigonga vifa vitupu, vinavimba mdomo na fataki hazitaingia.

Fundi, heshima yako. Ya kwangu ni nakala ya Remington, ile wanayoiita ya 1858. Silinda inatoka vizuri, ila kuirudisha ni vita. Inagonga kitu ndani na msumari wa katikati hauoni tundu. Rafiki yangu mwenye Colt ananicheka.
— Nimechoka Kuchekwa

Mwambie rafiki yako aje na kabari yake tuone nani atacheka. Remington ina fremu iliyozunguka silinda pande zote, juu na chini, na kwa kuosha silinda tu hakuna iliyo rahisi kuliko hiyo: unashusha mdeki, unavuta msumari mbele, silinda inaangukia mkononi.

Kinachokugonga ni kidole. Kinachomoza nyuma ya silinda, upande wa kushoto, na ukiisukuma silinda moja kwa moja meno yake yanakutana nacho uso kwa uso. Weka nyundo kituo cha nusu ili komeo lizame. Ingiza silinda kutoka kulia, na huku inaingia izungushe upande ule ule inaozunguka wakati wa kupiga. Meno yatakipapasa kidole na kukirudisha ndani, silinda itakaa, na msumari utapita bila kelele. Ukishaizoea utaifanya huku unaongea na watu.

Ukija kuifungua ya ndani, jua tofauti mbili. Komeo na kifyatuo vinatumia skrubu moja ya pamoja, kwa hiyo vyote viwili vinatakiwa kupangwa mstari mmoja kabla ya kuipitisha. Tumia msumari mwembamba kuvishikilia upande mmoja huku skrubu ikiingilia wa pili. Na kidole kimefungwa kwenye nyundo kwa skrubu ndogo, hakijachomekwa tu kama kwenye Colt. Skrubu hiyo ikianguka sakafuni, usihamishe kiti kabla hujaipata.

Halafu kuhusu hiyo 1858, ili usichekwe tena: ni tarehe ya hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, 14 Septemba 1858, iliyopigwa chapa kwenye mtutu. Bastola yenyewe ya muundo huo ilianza kutengenezwa miaka kadhaa baadaye, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Fundi, naomba unisuluhishe na kaka yangu. Yeye anaosha bastola yake ya baruti kwa mafuta ya bunduki peke yake, anasema maji ni adui wa chuma. Mimi natumia maji moto na sabuni. Nani yuko sahihi? Halafu vifa viwili vya bastola yangu vimegoma kufunguka.
— Mdogo Mtu

Wewe, na mwonyeshe kaka yako aya hii.

Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti cha unga (salfa), kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10 katika 100. Ikiungua, haiishi yote kuwa moshi kama watu wanavyodhani. Zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa vitu yabisi, na ndiyo hayo masizi meusi yenye harufu ya yai bovu unayoyakuta kila kona. Mengi ya masizi hayo ni chumvichumvi zinazoyeyuka kwenye maji, na zinavuta unyevu wa hewa zenyewe. Ukiyafunika kwa mafuta ya madini bila kuyatoa kwanza, unapata uji mweusi kama lami, na chini yake kutu inaendelea na shughuli zake kwa raha. Maji yanayayeyusha na kuyaondoa. Adui ni maji yaliyosahauliwa ndani.

Kwa hiyo iogeshe na uikaushe. Toa kitako cha mbao, osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, pitisha brashi kwenye mtutu na kila chumba, suuza kwa maji ya moto zaidi ili chuma kikauke chenyewe kwa joto lake. Futa, pulizia pembeni, paka mafuta siku hiyo hiyo. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu. Kikitoka na rangi ya chai, rudia.

Vifa vilivyogoma, acha silinda ilale kwenye mafuta ya kupenyeza usiku mzima, kisha tumia spana yake maalumu, siyo koleo. Spana ya vifa lazima ikae mpaka chini; ikikaa nusu itakata pembe zake, na hapo utahitaji fundi. Ukishavitoa, safisha hesi, pakaza grisi kidogo, na urudishe kwa mkono mpaka vishike. Havihitaji nguvu ya tairi la lori. Kilichovigomesha ni kuvifunga vikavu.

Na kama bastola yenu ni ya aina ya Colt, mkishaiosha ichunguze sehemu ya mbele ya nyundo, pale inapoingia kwenye fremu. Fataki ikilipuka hupasuka vipande vidogo vya shaba, na vipande hivyo hupenda kudondokea humo. Nimewahi kuletewa bastola iliyofunguliwa na kufungwa mara mbili kwa sababu nyundo haishuki hadi mwisho, springi imebadilishwa na kila kitu. Nilikitoa kipande kimoja cha fataki kwa kibanio cha nyusi, ikapona. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, aliaga haraka.

Fundi, shikamoo. Tumefungua sanduku la marehemu babu tukakuta bastola ya zamani ya silinda, imeshika kutu, na juu ya silinda kuna vitu vidogo kama vikofia vya shaba. Mpwa wangu anataka kuifungua aisafishe kama alivyosoma kwenye safu yako. Nimruhusu?
— Shangazi Mwenye Wasiwasi

Marahaba, dada. Hapana, usimruhusu, na wasiwasi wako ni wa haki.

Hivyo vikofia ni fataki. Ukiona fataki juu ya vifa, amini kwamba mbele yake kuna baruti na risasi, hata kama babu aliifungia kabla mpwa wako hajazaliwa. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki kama watu wanavyofikiri. Asiiguse nyundo, asijaribu kung'oa hivyo vikofia kwa kisu, na asiimwagie mafuta kisha akaamini kwamba imekufa. Iacheni pale ilipo, mdomo wa mtutu ukielekea pasipo mtu, watoto wawe mbali na chumba hicho. Pigia simu polisi, uwaeleze kwamba mmeikuta kwenye mali ya marehemu na kwamba huenda ina risasi, waje wao. Usiibebe kwenye mkoba kuwapelekea.

Ikishatolewa risasi na mtu mwenye ujuzi, na suala la kibali likawa sawa, bado mpwa asiikimbilie na msasa. Kama ni ya asili ya karne ya 19 na siyo nakala, ule weusi na ukahawia wa uzee juu ya chuma ndio thamani yake, na skrubu zilizokaa miaka 100 na zaidi hukatika vichwa kwa mtu mwenye haraka. Mpe ile namba iliyopigwa chapa chini ya fremu na kwenye mtutu ainakili kwenye karatasi, aone kama zinalingana. Hiyo itamshughulisha jioni nzima, na hakuna kitakachovunjika.